Mbuzi wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Tumenunuliwa tena! Mara ya pili katika miezi kumi na minne. Kampuni iliyotununua nayo imenunuliwa na Kampuni Kubwa. Mwanzilishi wa studio yetu ametutangazia huku akilia. Machozi ya kweli, viatu vipya.

Kisha akaingia Meneja wa Muungano. Mrefu, tabasamu lisilozimika, slaidi arobaini. Akasema sasa sisi ni familia moja. Akasema hakuna atakayepoteza kazi leo. Nikatazama saa. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni.

Habari yenyewe ni hii: Kampuni Kubwa sasa ina michezo miwili ya video ya kufuga mbuzi. Wetu, Zizi, na mwingine uitwao Malisho, walioununua mwezi uliopita. Meneja anasema familia moja haiwezi kulea michezo miwili ya mbuzi. Mmoja utabaki, mwingine utafungwa. Utafiti wao umeonyesha kwamba roho ya mchezo ni sauti, kwa hiyo Jumatatu ijayo jopo la watu saba litasikiliza mbuzi wa kila upande bila kuambiwa ni wa nani. Mbuzi atakayeshinda ataokoa mchezo wake.

Watu kumi na wanane wakageuka kunitazama. Mimi ndiye fundi wa sauti. Nikatabasamu kama mtu asiye na siri.

Siri: hakuna mbuzi. Hajawahi kuwepo! Kwa miaka sita, kila Alhamisi, naaga ofisini kwamba naenda kurekodi mashambani. Naenda nyumbani, naingia kabatini nyuma ya makoti ya mke wangu, nalia kama mbuzi mpaka koo linakauka. Kazi safi, haina kupe. Mke wangu ndiye pekee anayejua, na ameniomba nisimwambie mtu kwamba anajua.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe ameshapata habari. Anaishi nasi tangu mwaka juzi. Anacheza Zizi asubuhi baada ya chai na alasiri baada ya kusinzia. Ana mbuzi 214, na kila mmoja ana jina la mtu aliyepata kumfahamu: majirani, wapangaji, mashemeji, mwalimu wake wa hesabu. Beberu mwenye ndevu ana jina la marehemu baba mkwe. Huyo hupewa majani kabla ya wengine.

Akaniuliza, macho yakiwa kwenye tableti, kama ni kweli wanataka kulifunga Zizi. Nikamwambia, mama, nikiwa hai hakuna mbuzi wako atakayeguswa. Akasema asante baba, Mungu akuweke. Huniita baba akiwa na imani nami. Mara ya mwisho ilikuwa siku ya harusi.

Tayari Kampuni Kubwa imetia mkono. Toleo jipya limeingia leo asubuhi: ukitaka kumwagilia majani, lazima kwanza utazame tangazo la magodoro. Mama mkwe ametazama magodoro tisini na sita. Anasema hata lile analolalia sasa ameanza kulitilia shaka.

Jumatano, 5 Machi

Nimekutana na adui. Fundi wa sauti wa Malisho amehamishiwa kwetu. Mwanamke wa makamo, amevaa mabuti ya mvua, yana matope ya kweli. Nimemwita Mama Mabuti. Nilimchukia palepale. Mtu anayekuja ofisini na matope anataka kutuonyesha kitu.

Mbinu ya kwanza: urafiki. Nikampelekea chai, nikamsifu mabuti, nikasubiri ateleze ulimi. Hakuteleza. Alinionyesha kila kitu mwenyewe, bila kuombwa! Akanivika hedifoni. Majike watatu, mvua juu ya bati, na mtoto wa mbuzi aliyepotezana na mama yake. Machozi yakanilenga. Mbuzi wangu mimi ni mtu mwenye mafua.

Akaona sauti yangu imekwaruza, akanipa pipi ya koo. Nimeimung'unya kwa chuki.

Ijumaa, 7 Machi

Bahati imenidondokea! Meneja amenipa kazi ya kusawazisha sauti za faili mbili za shindano, ili asilie mmoja kwa nguvu kuliko mwenzake. Faili ziko kwenye folda moja. "Mbuzi wa Kwanza" ni wangu, "Mbuzi wa Pili" ni wa Mama Mabuti. Karatasi inayosema yupi ni wa nani iko mfukoni mwa Meneja, imekunjwa mara nne.

Chumba kitupu. Mlango umefungwa. Nikabadilisha majina ya faili. Sasa mbuzi wake wa kweli ndiye wa Kwanza, na mimi na mafua yangu ndio wa Pili. Wakimchagua aliye bora, na watamchagua, ushindi unakuja kwetu.

Dhamira ilinisumbua kidogo. Kisha nikapiga hesabu: nafanya hivi kwa ajili ya watu kumi na tisa na mama mkwe. Dhambi ikigawanywa kwa ishirini, fungu langu ni dogo sana.

Jumatatu, 10 Machi

Siwezi kuandika. Naandika.

Watu saba, hedifoni masikioni, macho yamefumbwa. Akalia Mbuzi wa Kwanza. Mkuu wa matangazo akakunja uso, akasema mbuzi huyu anaigiza. Mwanasheria akasema mvua imezidi, na haamini kama huyo mtoto kweli amepotea. Mwingine akasema mbuzi amesikika kama amerekodiwa.

Akalia Mbuzi wa Pili. Mhasibu akatoa leso. Akasema amemkumbuka mbuzi wa utotoni mwake, aliyeuzwa bila yeye kuulizwa. Kura saba kwa sifuri. Mbuzi wa Pili!

Ni mimi! Nilisimama mikono juu. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tangu nizaliwe, ikadumu kama sekunde moja. Kisha Meneja akakunjua karatasi yake. Mbuzi wa Pili ni wa Malisho.

Mama Mabuti akanyoosha mkono. Akasema kwa heshima kwamba huyo si mbuzi wake, mbuzi wake anawajua. Meneja akasema huo ndio unyenyekevu anaoutaka katika familia hii, na watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga kuliko wote. Ningesema nini? Kusema ni kukiri kwamba nimechezea faili, na kwamba yule mbuzi aliyemliza mhasibu amevaa soksi za kahawia.

Jumanne, 11 Machi

Maboksi. Tumeyakuta juu ya meza, majina yetu yamekwisha kuandikwa. Kumi na mmoja kati yetu. Hatujafukuzwa, amesema Meneja, tumeachiliwa. Mwanzilishi hakuonekana. Inasemekana anapumzika.

Mchoraji wetu amechora kila unyasi wa Zizi kwa mkono wake, mmoja mmoja, miaka sita. Boksi lake lilikuwa dogo, penseli zikabaki nje. Akaniuliza nini kilimpata mbuzi wetu, maana yeye alikuwa anamwamini sana. Nikasema watu wana ladha zao. Nilijisikia vibaya, na nasema kweli.

Zizi litafungwa Ijumaa tarehe 21, saa sita mchana. Wachezaji wote watahamishiwa Malisho. Mbuzi wao hawatahamishwa. Kila mchezaji ataanza na mbuzi mmoja, bure, na Meneja ameliita jambo hilo zawadi.

Nimemwambia mama mkwe nalishughulikia. Akasema haya. Haya tu, bila baba.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Mabuti amenipigia simu. Anasema amemsikiliza mshindi mara arobaini. Mwishoni mwa mlio wa tatu kuna mtu anameza mate. Akaniuliza kwa upole kama ni mimi.

Nikakohoa. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Kisha akasema, na nanukuu kwa sababu sitalisikia tena, kwamba miaka ishirini katika kazi hii hajapata kusikia mbuzi kama huyo.

Ameshaongea na Meneja. Ikithibitika kwamba faili zilibadilishwa na mtu, kura inafutwa, Zizi linabaki, na watu kumi na mmoja wanarudi mezani kwao. Inatakiwa niende Jumanne saa tatu asubuhi, niseme sentensi mbili: nilibadilisha faili, na Mbuzi wa Pili ni mimi. Yeye atakaa karibu yangu.

Nikamwuliza yeye anapata nini. Akasema hataki ushindi usio wake. Nani anaongea hivyo? Hapa kuna mtego!

Jumatatu, 17 Machi

Nimezitazama zile sentensi mbili kila upande. Ziko uchi mno. Zinaweza kuvishwa.

Nitasema faili zilijichanganya zenyewe wakati kompyuta za kampuni mbili zikiunganishwa. Nani atabisha? Tangu tuunganishwe imepotea mishahara ya watu, na hata mlango wa choo haufunguki kwa kadi za zamani. Na nitasema mbuzi ni wa kweli, na nitakuja naye. Nimekodi mmoja kwa asubuhi nzima. Hapo nitakuwa nimeokoa Zizi, kazi na jina langu kwa pigo moja. Ukweli wa Mama Mabuti ungeokoa viwili tu.

Jumanne, 18 Machi

Mbuzi mweupe, mtulivu. Ningepaswa kushtuka alivyokuwa mtulivu. Mlinzi alimkataza asiingie bila kadi ya mgeni, akapewa. Akapanda lifti kama mkurugenzi.

Nilizungumza vizuri. Meneja akasema sawa, basi alie. Mbuzi akamtazama Meneja. Dakika tano. Dakika kumi. Akala karatasi ya slaidi iliyoandikwa Familia Moja, akatafuna polepole, akanyamaza. Chini ya meza buti la Mama Mabuti lilinigonga mguu. Akaninong'oneza, ndugu yangu, sema ukweli tu, bado hujachelewa.

Nikainama nyuma ya mbuzi kama mtu anayefunga kamba za kiatu, nikalia. Nililia vizuri kuliko siku zote! Mbuzi akageuka akanitazama. Wote wakanitazama, lakini mbuzi ndiye aliyeshangaa zaidi.

Tabasamu la Meneja lilizimika, kisha likarudi maradufu. Akasema kama wachezaji miaka sita wameshindwa kutofautisha mbuzi na mtu, mafundi wa sauti wa nini? Kompyuta itajifunza. Mama Mabuti ameachiliwa palepale. Na Zizi? Meneja akasema mimi mwenyewe nimeeleza kwamba faili zilijichanganya. Kama hakuna aliyebadilisha, hakuna kosa la mtu, na kura inabaki ilivyo.

Mama Mabuti aliningoja niseme. Lakini wakati huohuo Meneja alinisogezea fomu: kompyuta ijifunze kwa sauti yangu, na mimi niwe Balozi wa Sauti. Hakuna mshahara, ila kuna cheti. Nikatia saini. Cheo ni cheo.

Ijumaa, 21 Machi

Saa tano na nusu mama mkwe alivaa miwani na kitambaa kizuri, akakaa. Nikakaa naye. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, akampa kila mmoja majani. Kwa kila fungu la majani, tangazo la godoro. Hakuwahi kuwamaliza.

Beberu mwenye ndevu alilia mara mbili. Mama mkwe akasema mzee alikuwa akikohoa hivyohivyo asubuhi. Sauti ile niliirekodi Alhamisi moja ya mvua, nilikuwa na homa, makoti yananuka dawa ya nondo.

Saa sita kamili zizi likawa jeupe. Yakabaki maandishi: Asante kwa kuwa sehemu ya familia.

Akaniuliza kama kweli hakukuwa na lolote ambalo ningeweza kufanya. Nikamwambia, mama, nilifanya kila kitu. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Nilitaka ardhi inimeze.

Jumatatu, 24 Machi

Ajabu! Kampuni Kubwa yenyewe imenunuliwa! Meneja wa Muungano amepewa boksi. Wanasema lilikuwa na jina lake tangu Ijumaa.

Mama mkwe amefungua Malisho. Ana mbuzi mmoja, ile zawadi. Kompyuta imemfundisha kulia kwa sauti yangu. Mama mkwe alimsikiliza, akainamisha kichwa, akasema mbuzi huyu ni mwongo, anamsikia kabisa. Akampa jina langu. Kisha akamfunga nje, mvuani.

Masikini, hajui chochote kuhusu sauti. Lakini jina langu! Nimeguswa sana.

Nimempigia Mama Mabuti mara tatu, hapokei. Atapoa. Wenye kampuni wapya wanatengeneza mchezo wa mizigo na wanatafuta sauti ya punda. Usaili ni Alhamisi. Wametangaza kwamba wanataka mtu mwaminifu aje na sauti yake mwenyewe, na mdomo wake tu unatosha.

Nani atadanganyika na hilo? Nimeshakodi punda. Mwenye punda ameniapia kwamba huyu analia akiombwa.