Mkwe Kwenye Namba Mbili

Jumamosi, 6 Septemba

Natta 0, sisi 1. Mabingwa wa mwaka jana, tena kwao! Wiki iliyopita tulifungwa tatu na timu inayoburuza mkia. Bao letu dakika ya 71: krosi, ikampiga beki wao begani, ikaingia. Kocha Benedicto anasema ni mbinu aliyoifundisha. Mimi ni meneja wa timu, nilikuwa nimesimama pale. Lilikuwa bega.

Tuko nusu fainali. Tutacheza na Sirari, uwanjani kwetu Nyarero, tarehe 20.

Jumatatu, 8 Septemba

Mkuu wa chuo, Mama Christina, ameniita. Hakunikaribisha kiti. Amesema jiko la chuo linanunua mahindi huku shamba zuri limekaliwa na magoli mawili. Tukifika fainali, uwanja unabaki. Tukitolewa, trekta linaingia tarehe 23, mvua za vuli zisitupite. Nikauliza vijana watafanyia wapi mazoezi. Akasema watapalilia.

Miaka kumi na minne nimeupiga chokaa uwanja ule kwa mikono yangu. Hautalimwa.

Jumatano, 10 Septemba

Tatizo la Sirari lina jina. Nyangwine. Winga wa kushoto, mabao kumi na moja katika mechi saba. Atakutana na namba mbili wetu, Marwa. Marwa ana miaka arobaini na sita, amerudi chuo kutafuta cheti cha kazi aliyoifanya miaka ishirini. Nguvu anazo. Mbio hana.

Leo, kibandani kwa muuza chai, nimesikia jambo. Nyangwine anamtaka Tabitha, binti wa Marwa, fundi cherehani pale Sirari. Ameshatuma watu mara mbili. Marwa amewarudisha mara mbili.

Chai yangu ilipoa. Baba yangu alikuja Tarime na duka la vitambaa kutoka Tanga, lakini mimi nimezaliwa hapa, nimekua na Wakurya, na hili nalijua: mwanamume hamsogelei mkwe wake. Wakikutana njiani, anapisha. Sasa ni winga gani atampiga chenga mkwe wake mbele ya watu mia nne?

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemfuata Marwa. Nimemsifia Nyangwine kwa dakika ishirini: mpole, hanywi, anajua kulima. Marwa akaniuliza nimeanza lini kazi ya ushenga. Akanikumbusha kwamba mwezi wa sita nilimwita kijana huyohuyo mwizi wa penalti. Nikasema watu hubadilika. Akauliza kama nataka posa ikubaliwe kabla ya mechi. Nikasema ingependeza.

Kisha akauliza kama nimelifikiria vizuri.

Nimelifikiria! Siku mbili nzima.

Jumanne, 16 Septemba

Wazee wa Nyangwine wamekuja. Ng'ombe wamekubaliwa. Tabitha ameulizwa, akasema mbele ya wote kwamba amengoja mpaka amechoka. Marwa ameitwa mkwe mbele ya mashahidi, nami nikiwa mmoja wao. Nimekula nyama.

Benedicto, ambaye ni mtu wa Bukoba na hajui chochote, aliniuliza jioni mbona nacheka peke yangu. Sikumwambia. Siku ya sifa sitaki mshirika.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika kwa mpangilio.

Dakika ya 1 hadi ya 22: mpango unafanya kazi. Nyangwine alipomwona Marwa aliinamisha macho, akahamia upande mwingine kabisa wa uwanja, akabaki huko akigongana na winga mwenzake. Niliandika daftarini: "Imekwisha."

Dakika ya 23: kocha wao akamfokea arudi nafasi yake. Akarudi. Kichwa chini, mpira mguuni, anakuja taratibu kama mtu anayeingia kwenye mji wa watu. Marwa akamwona.

Marwa akapisha.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Heshima yao inakwenda pande mbili. Baba mkwe naye hapambani na mume wa binti yake. Alitoka hadi nje ya chaki, akageuka, akatazama barabara ya Tarime mpaka kijana apite. 0–1.

Benedicto akapiga kelele: "Marwa, mkabe! Mlalie huyo!"

Marwa akamjibu, uwanja mzima ukasikia: "Nimlalie mkwe wangu, Mwalimu? Huko kwenu mnalaliana?"

Mashabiki wa Sirari wakaanza kuimba, "Pisha, baba, pisha!" Akina mama wakapiga vigelegele. Dakika ya 31, la pili. Dakika ya 44, la tatu.

Mapumziko niliagiza Marwa atolewe. Benchi lilikuwa na mtu mmoja, naye ni kipa mwenye malaria. Tukamhamishia Marwa kushoto. Kocha wao akamhamishia Nyangwine hukohuko.

Mwisho, 0–5. Nyangwine hakushangilia hata bao moja. Heshima.

Jumapili, 21 Septemba

Marwa alipita nyumbani. Hakuwa na hasira. Alisema tu, "Mura, si nilikuuliza?" Kisha akanikaribisha harusini.

Tabitha amepiga simu. Amenishukuru, ataniita baba mdogo, atanishonea shati. Nikamwambia asihangaike. Amechukua vipimo vyangu hukohuko kwenye simu.

Benedicto ameshajua kila kitu. Amekwenda kuwasimulia watu wa jikoni. Wamecheka huku wakipima urefu wa uwanja kwa hatua.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimekwenda kwa Mama Christina kuomba msimu mmoja. Alisema neno moja: "Tano." Nikatoka.

Saa sita mchana magoli yaling'olewa. Bolti za goli la kaskazini zilikuwa na kutu. Nilizifungua mwenyewe. Hakuna mwingine aliyejua zilivyofungwa.

Saa tisa trekta likafika, likaegeshwa kwenye duara la kati. Kazi inaanza kesho saa mbili asubuhi. Nilimpelekea dereva chai, maana si kosa lake. Anaitwa Mogesi, Mkurya wa hapahapa. Miaka ishirini na tisa. Mtaratibu, msafi, anaamkia watu vizuri. Nilimuuliza habari za nyumbani. Akasema hajaoa.

Nimerudi nyumbani polepole.

Mama Christina ana huyo binti yake, Christina, anayefundisha Mugumu. Hajaolewa. Na kwa Wakurya mama mkwe ni mzito kuliko baba mkwe: mwanamume hathubutu hata kukatiza mbele yake. Mogesi akishaposa, hawezi kukanyaga chuoni hapa, achilia mbali kulima mbele ya dirisha la ofisi yake.

Nimelifikiria vizuri.

Nimempigia Christina mara tatu. Hajapokea. Nitajaribu tena saa moja asubuhi, kabla trekta halijawashwa.