Mpango wa Kumfelisha Maren

Jumatatu, 7 Aprili

Theluji tena. Aprili hii, na Dustin bado anaanza siku na koleo. Barua ya shule imefika imelowa. Jumanne ya wiki ijayo watoto wote wanaoingia chekechea Septemba wapelekwe wakapimwe: rangi, kuhesabu, kushika mkasi, kuruka kwa mguu mmoja. Wazazi wabaki nje.

Wazazi wabaki nje. Nimeusoma mstari huo mara nne.

Maren wangu ana miaka mitano. Anaandika jina lake, anajua samaki wote wa ziwani, na hajawahi kusema neno na mtu yeyote ila mimi na baba yake. Hata bibi yake anaongea naye kupitia sikio langu. Maren ananong'ona, mimi natangaza. Daktari kasema tusubiri. Tunasubiri. Shule ndiyo haisubiri.

Mjini kuna chekechea mbili. Ya mtoni ina Mwalimu Lindqvist, watoto kumi na wawili, kiti cha bembea, na mapaja mapana ya kupakatia. Ya kwenye tangi la maji ina Mwalimu Pruitt, aliyekuwa kocha wa magongo ya barafuni. Watoto ishirini na wanne. Filimbi shingoni. Mpaka wa shule hizo unapita katikati ya barabara yetu, na sisi tuko upande wa filimbi.

Lazima nimpate Lindqvist.

Jumanne, 8 Aprili

Nimempigia simu karani wa shule, nimejificha nyuma ya mashine za kufulia. (Nafua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Mashine zikizunguka, msimamizi hasikii kitu.) Karani kasema maombi ya kuvuka mpaka yalifungwa Februari. Nikamwambia mtoto wangu ni wa pekee. Akaniambia wote ni wa pekee, mpenzi, na kila mmoja ana mama mwenye simu.

Wifi yangu Shelby, nyumba ya tatu kutoka hapa, aliomba tangu Januari. Easton wake amepata kwa Lindqvist. Easton, anayeweza kupiga soga na friji! Jioni kaja kurudisha bakuli langu, kaniambia, "Pole, wifi. Ningekushtua, lakini nilijua unajua." Alijua najua. Shelby huyo.

Ila akiwa mlangoni, anavaa buti, akataka kunipoza. Akasema wanaofanya vibaya siku ya kupimwa wanahamishiwa kwa Lindqvist hata wawe wanaishi Kanada, maana darasa lake ni dogo. Nikamwambia ahaa, kwa sauti ya mtu asiyejali. Moyo ulikuwa unaruka kwa mguu mmoja.

Jumatano, 9 Aprili

Nimefikiri siku nzima huku nafua mashuka. Mtu atasema mtoto asiyeongea atafeli mwenyewe. Hapana. Wanaruhusu kuonyesha kwa kidole. Mjukuu wa msimamizi wetu hakufungua mdomo mwaka jana, akaonyesha kidole, akapata zote. Na Maren ana kidole hodari.

Kwa hiyo kidole lazima kifundishwe.

Baada ya chakula nimepanga kalamu za rangi mezani. Nikamwambia tunacheza mchezo: nikisema nyekundu, wewe onyesha kijani. Nikisema bluu, onyesha njano. Dakika kumi tu kashika. Amecheka mpaka kapata kwikwi.

Niliacha shule darasa la kumi. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuwa mwalimu, na tazama ninachofundisha. Nilipomlaza nilimwambia rangi zote za kweli sikioni, moja moja, kama kuomba msamaha. Kasema, "Najua, mama. Lala."

Ijumaa, 11 Aprili

Mafunzo yamezidi kiasi. Dustin kaomba chumvi, kaletewa sukari, kaimwaga kwenye viazi. Akauliza nini kinaendelea ndani ya nyumba hii. Maren kamwambia maziwa ni meusi. Dustin kanitazama. Nikasema ni mambo ya shule. Akasema, "Kaylee, mpeleke tu mtoto, apimwe, arudi." Wanaume hawana mipango.

Shelby kanitumia picha ya Easton amevaa tai. Anahesabu mbilimbili mpaka mia. Nimejibu "hongera" na ua. Halafu nikalifuta ua.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Watoto wote walipita katikati ya kanisa na matawi yao. Maren alipita ndani ya koti langu, tawi likatokeza kwenye kola yangu, nikaonekana nimechipua.

Kwenye kahawa ya baada ya ibada, ukumbi wa chini ya kanisa, mchungaji akainama kumuuliza jina. Maren kaninong'oneza, nami nikatangaza. Shelby akacheka, akasema mbele ya watu, "Septemba utaingia naye darasani, wifi? Watakutafutia kiti?" Watu wakacheka kidogo, kwa upole. Mama mkwe hakucheka. Aliniongezea kahawa ambayo sikuomba.

Nilikwenda kusimama chooni. Sikulia. Nilinawa mikono muda mrefu tu. Ninaogopa kitu kimoja: aombe kwenda haja, au aumwe tumbo, na asiwe na sikio la kunong'oneza. Ndiyo maana namtaka Lindqvist. Watu wanadhani najidai.

Jumanne, 15 Aprili

Niandike polepole.

Tumefika saa tatu. Akina mama tisa kwenye mabenchi ya korido, mlango umeachwa wazi kidogo. Mpimaji ni nani? Pruitt mwenyewe. Jitu zima limekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika masikioni. Maren aliniachia vidole kimoja kimoja, akaingia.

Pruitt akamwomba aonyeshe nyekundu. Akaonyesha kijani. Akaomba bluu. Akaonyesha njano. Nikasema kimoyomoyo, mtoto wa mama huyo. Pruitt akaandika, akashukuru, kila mara kwa heshima kama karani wa benki. Kisha akashika sweta lake jekundu kama moto, akasema, basi leo kumbe nimevaa kijani, na mke wangu hakuniambia.

Kidole cha Maren kikabaki hewani.

Halafu sauti. Sauti ya mwanangu, kubwa, korido nzima ikaisikia.

"Hapana, bwana. Hilo ni jekundu. Hiyo ya kijani ni ya uongo, mama ndiye kanifundisha."

Akina mama wanane waligeuka kunitazama. Nilitazama viatu vyangu. Sikuviona, maana machozi yalikuwa yameshafika.

Na hakunyamaza! Pruitt aliendelea kukosea, naye akaendelea kumrekebisha. Alimwambia ngazi zetu ziko ngapi. Alimwambia baba anakoroma kama mashine ya kuzoa theluji. Alipoulizwa kitu gani ni cha njano, akasema nywele za shangazi Shelby, lakini zile ni za dukani. Shelby, aliyemleta Easton, alikuwa benchi la pili. Akashika nywele.

Pruitt akatoka, akachuchumaa mbele yangu. Nilijua ananifukuza. Akasema, "Mama Maren, huyu anazijua rangi mara mbili. Za kweli na za kwako." Akaniambia hakuna anayefeli, wanapima ili wajue waanzie wapi. Habari ya kuhamishwa hajawahi kuisikia. Nikamgeukia Shelby. Kasema yeye aliambiwa saluni.

Nikamweleza Pruitt yote, hata habari ya chooni kanisani. Hakucheka. Akasema kuna familia inahama, nafasi moja ya mtoni itakuwa wazi, na nikitaka ataniombea leo hii. Nimjibu kesho.

Kwenye gari Maren alinyamaza njia nzima, kachoka kama aliyetoka shambani. Mimi niliimba.

Jumatano, 16 Aprili

Nafasi ya Lindqvist iko mkononi mwangu. Kiti cha bembea, mapaja, kila kitu. Nilikuwa tayari na simu. Dustin akaniuliza, "Umemuuliza mwenyewe?" Sikuwa nimemuuliza. Kwenye mipango yote hiyo, sikuwa nimemuuliza.

Tukamuuliza wakati wa uji. Anataka kwa mwalimu wa kiti cha bembea, au kwa yule wa jana? Kasema yule wa jana. Nikamwambia kule watoto ni wengi, na kuna filimbi. Kasema anajua, ameshaipuliza. Nikamuuliza kwa nini basi. Akaniangalia kama mimi ndiye wa miaka mitano.

"Anakosea sana, mama. Hawezi kubaki peke yake."

Nimempigia karani. Nimesema tunabaki upande wetu. Kaniuliza kama nina uhakika, nikasema ndiyo. Nimelala mchana kama mtoto. Nimechelewa kazini.

Jumatatu, 28 Aprili

Theluji imekwisha. Barua imefika kavu: Maren, darasa la Mwalimu Pruitt. Nimeibandika kwenye friji.

Chini ya barua kuna maneno madogo. Wazazi wataagana na watoto mlangoni. Isipokuwa mzazi mmoja wa kujitolea, kila Jumatano, wa kuwapigia watoto kinanda.

Nimejaza fomu. Nimeandika napiga kinanda tangu utotoni. Sijawahi kukigusa, lakini mpaka Septemba kuna miezi minne, na vidole vyangu vimezoea kazi. Dustin kasoma fomu, akaenda kusimama nje.

Maren kauliza kama ni kweli. Nimemwambia itakuwa kweli Septemba, ila kwa sasa ni siri yetu ya nyumbani. Kasema sawa.

Alasiri mtu wa posta kapita. Nimemkuta Maren kwenye ngazi anamsimulia yote, fomu, uongo, na siri, tena bila kunong'ona. Ningemwita ndani. Sikumwita. Nimesimama nyuma ya pazia, nimesikiliza mpaka mwisho, jinsi anavyoeleza vizuri.

Kesho natafuta kinanda cha kuazima.