Marahaba kwa Niaba ya Sanamu

Leo nimejidhalilisha hapa Runazi, tena mchana kweupe. Bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Nilikwenda kwa fundi cherehani na mdogo wangu Jovini. Ana miaka tisa, ana usonji. Jovini akishika jambo, kashika. Mama alimfundisha kuamkia hivi: "Ukiona aliyevaa koti, huyo mzee. Mpe shikamoo, ungoje marahaba." Na kweli hungoja.

Sasa fundi ana sanamu la kuonyeshea nguo mlangoni. Leo kalivisha koti. Kichwa halina. (Lakini Mama hakusema lolote kuhusu kichwa.)

"Shikamoo," Jovini akaliambia.

Akangoja.

"Shikamoo!"

"Jovini, twende, huyo si mtu."

"Bado marahaba."

Jirani pale kuna mashine ya kusaga, na mwenyewe alishaanza kuzungusha hendeli kuiwasha. Jovini akisikia ule mlio kwa karibu huanguka chini akilia, kaziba masikio, na siwezi kumbeba. Lazima tuondoke. Na bila marahaba, haondoki!

"Fundi, muitikie, tafadhali!"

Fundi alikuwa ameuma pini mdomoni. Akatikisa kichwa tu.

Basi nikainama nyuma ya sanamu. (Mimi! Ambaye darasani hata "nipo" naisema kwa kunong'ona.) Nikatoa sauti nzito ya kizee: "Marahabaaa, mjukuu wangu!"

Jovini akatabasamu. "Nyumbani hamjambo?"

Jamani, kumbe kuna sehemu ya pili!

"Hatujambo! Bibi yako tu, miguu inamsumbua! Haya, nenda salama!"

Akaridhika, akatoka mbio kushika njia ya nyumbani. Nikainuka najipongeza. Mbele yangu kasimama Mwalimu wa Kiswahili na suruali yake ya kupunguza. Nyuma yake, wavulana watatu wa darasani kwetu.

"Mpe pole bibi," Mwalimu akasema. "Kumbe sauti unayo! Jumatatu unafungua mdahalo."

"Shikamoo, babu!" mvulana mmoja akadakia.

Nikaitikia. (Mdomo ulinitangulia!) Fundi akatema pini zote kwa kicheko.

Mashine iliponguruma, Jovini alishafika mbali, anarukaruka kwa raha zake. Hilo ndilo nililotaka, nimelipata. Ila mtakaokuwepo Jumatatu, nawaomba: atakayeniita babu, sisemi naye mpaka tumalize kidato cha nne.