Bluu Kwenye Tangi la Baba Nekesa

Leo nimejianika mwenyewe, mchana kweupe, bila kulazimishwa na mtu. Nawaambia nyinyi wenzangu wa kikundi kabla hamjaipata kutoka kwa mtaa mzima wa Makongeni, maana huko imeshatiwa chumvi.

Mnajua nauza mafuta ya taa pale dirishani kwangu. Na mnajua sheria ilivyo. Mafuta ya taa hayatozwi ushuru mwingi kwa sababu ni ya stovu na koroboi za sisi wanyonge. Dizeli ndiyo inatozwa. Basi wajanja wakawa wanatia mafuta ya taa kwenye magari. Serikali ikashtuka, ikayatia rangi ya bluu. Sasa ukikutwa na bluu kwenye tangi la gari, umekwepa ushuru, huna la kujitetea.

Asubuhi afisa wa ushuru alipita kwangu. Kijana nadhifu, kichupa cha kupimia mkononi (nilimshuku hata yeye, nikamwomba kitambulisho mara mbili). Akanionya: "Mama, ukimuuzia mtu haya mafuta akatie kwa gari, na wewe leseni yako inaenda." Halafu akaendelea kukagua maduka ya laini inayofuata, ile safu ya nyumba iliyo nyuma yetu.

Leseni yangu! Hiyo ndiyo inalisha watoto wanne. Nikarudi kwenye beseni langu la nguo za kanisani, lakini moyo ulikataa kutulia. Nilikuwa nikimfikiria mtu mmoja tu. Baba Nekesa.

Huyu ni jirani yangu, mlango kwa mlango. Ana pikapu ya dizeli, anapeleka nyama Soko la Burma. Tangu mwezi jana ananunua kwangu mtungi wa lita ishirini kila baada ya siku tatu. Na kwake wako watu watatu! Nilimuuliza, "Kwani siku hizi mnapikia jela?" Akacheka, akasema, "Ni ya nyumbani tu, Mama Wambui." Mimi mtu akinichekea bila sababu, naenda kuhakikisha nimefunga mlango. Tena pazia lake siku hizi halifunguliwi kabisa. Kuna nini huko ndani?

Pikapu ilikuwa imeegeshwa nje. Tangi halina hata kifuniko, limezibwa kwa nailoni na tambara. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Nikaacha shati la mzee wangu likielea majini, nikachukua kitambaa kipya cheupe (nilitaka ushahidi safi), nikakifunga kwenye waya, nikakitumbukiza tangini. Nikakitoa. Nikakikamua kwa mkono wa kulia.

Bluu!

Wenzangu, nilipiga kelele iliyosikika Jogoo Road. "Nimemshika! Mwizi wa ushuru nimemshika!" Nikakimbia laini ya pili na kitambaa changu kikidondosha mafuta, nikamrudisha afisa karibu nimvute shati. Watu wakamiminika. Baba Nekesa akatoka amevaa fulana tu.

"Mama Wambui, kwani kuna nini?"

"Usiniite Mama Wambui! Unataka leseni yangu ichukuliwe?"

Afisa akakigeuza kitambaa, akakinusa. Akaniangalia.

"Mama, ulikamua na mkono gani?"

"Huu!" Nikauinua juu watu wote waone. "Hata ngozi imeshika rangi, ona!"

"Na huo mwingine?"

Nikauinua nao (kwa maringo, Mungu anisamehe). Bluu mpaka kwenye kucha.

"Huo pia ulikamua?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nguo za kanisani ni nyeupe. Na nguo nyeupe mimi huzisuuza kwa nini? Kwa bluu! Ile ya kufanya shati ling'ae. Mikono yangu ilikuwa imeloa bluu kabla hata sijalisogelea lile tangi.

Afisa akachovya kijiti chake tangini, akadondosha matone kwenye kichupa, akakiinua juani. "Hii ni dizeli tupu. Ushuru umelipwa wote." Kisha akainama juu ya beseni langu. "Na haya maji, mama, tuyafungulie kesi?"

Watu walicheka! Jamaa mmoja akapiga makofi: "Cheki mathee, mama wa watu amejishika mwenyewe!"

Mtu mwenye akili angeingia ndani. Mimi nikasimama palepale. "Basi muulize anapeleka wapi hizo lita ishirini! Muulize!"

Baba Nekesa akainamisha kichwa. Akaenda, akafungua mlango, akavuta pazia. Vifaranga! Chumba kizima, mia mbili hivi, wamejibanza kuzunguka stovu mbili zinazowaka. Wanalia chwi chwi chwi. Mama Nekesa alikuwa katikati yao, hata hakunipandishia sauti. Alisema tu, "Sasa umefurahi?"

Maana kufuga kuku kwenye nyumba hizi za shirika la reli hakuruhusiwi, na vifaranga hao ndio waliotegemewa kwa karo ya Nekesa. Sasa laini nzima imejua, kwa sababu yangu. Niliona aibu. Niliomba radhi pale pale.

Afisa akafunga kitabu chake. "Vifaranga hawaendi barabarani," akasema. "Hiyo si kesi yangu." Akaenda zake akifuta machozi ya kicheko. Na majirani, niwasifu, wameapa msimamizi wa nyumba hatasikia neno. Walioapa walikuwa wakiniangalia mimi.

Nikafunga dirisha. Nikajua mteja wangu mkubwa nimempoteza.

Saa kumi nikasikia mtu anabisha. Baba Nekesa, na mtungi wake.

"Nipimie, Mama Wambui. Watoto wa kuku hawajui hasira, wanajua baridi tu."

Nikashika mpira wa kupimia, karibu nilie kwa furaha.

"Ngoja," akasema. "Kwanza nione mikono."

Nimemwonyesha, yote miwili, mbele na nyuma. Na nyinyi mkija kununua mafuta kesho, tafadhali, mchekee kwenu.