Gorila Katika Maharagwe Yangu

Alhamisi, 5 Juni
Keshokutwa salongo. Kijiji kizima kwenda kuchimbua njia inayopanda Parki ya wanyama, jembe mkononi, matope magotini. Mimi? Hapana! Mgongo wangu haukuumbwa kwa kazi za wote. Lakini chef wetu wa kijiji, Papa Barthélemy, hasamehi hata mwenye homa. Nimewaza mpaka ugali ukapoa. Nimepata! Mnyama wa Parki akiingia shambani, mwenye shamba hubaki kuwangoja walinzi. Nani atabishana na gorila?

Jumamosi, 7 Juni
Ushindi! Alfajiri nilipiga ngumi udongoni kote shambani, maana gorila hutembelea ngumi. Nikavunja mashina machache ya maharagwe. Machache tu! Mama Adelaïde, mama yake mchumba wangu Fifi, ameapa kwamba bila maharagwe haya hakuna harusi. Papa Barthélemy akaja, akatazama, akashika kidevu, akanisamehe salongo. Nimelala mpaka saa sita nikisikia majembe ya wenzangu kwa mbali. Raha iliyoje.

Jumatatu, 9 Juni
Mlinzi amefika. Na ni nani? Evode! Yule aliyemtaka Fifi kabla yangu. Akainama, akazitazama alama kwa muda mrefu, kisha akazungusha kamba shamba lote. Marufuku kuingia mpaka gorila aondoke mwenyewe. Nikamwambia maharagwe yamekauka, ni wakati wa kuvuna. Akajibu kwa upole, "Kaka Magloire, gorila naye iko na haki yake." Upole ule umeniudhi kuliko tusi.

Jumatano, 11 Juni
Balaa! Nyani wa kweli wamekuja, kundi zima. Wameona shamba halina mtu, wakaketi kama wakwe karamuni na kula. Mimi nje ya kamba, fimbo mkononi! Nikairuka kamba. Evode akapuliza filimbi, ati nitamshtua gorila. Gorila gani, nikapiga kelele, gorila ni mimi! Kumbe kijiji chote kiko nyuma yangu. Wamecheka mpaka wakakaa chini. Evode alijua tangu Jumatatu: kila alama ilikuwa na chapa ya pete yangu ya uchumba. Mama Adelaïde peke yake hakucheka. "Fifi, tuende. Huyu muntu, uongo njo kazi yake." Maharagwe yamekwisha. Nimelia, sifichi.

Ijumaa, 13 Juni
Fifi amekuja na muhogo wa kuchoma. Bado ananitaka! Harusi itangoja mavuno mengine, lakini mama yake ataniangalia kila salongo. Nikikosa moja tu, basi, hakuna ndoa. Nikainua mkono, nikaapa kwa machozi kwamba sitadanganya tena juu ya gorila.

Kesho salongo. Jembe nimelitazama, nalo likanitazama. Sasa, tembo ni rahisi zaidi. Unyayo wake ni duara tu. Nimeshaazima sufuria kubwa ya Mama Adelaïde.