Tao la Mreno la Wiki Iliyopita

Jumatatu, 3 Februari

Msiba! Elkanah, katibu wa kanisa, ametangaza kwamba kanisa letu la mawe litabomolewa baada ya Pasaka. Anataka ukumbi wa vioo na vigae, kama mapokezi ya hoteli za Diani. Eti boriti zimeliwa na mchwa, eti mawe yanamwaga unga kwenye suti yake. Juu yangu mimi Ngui, mtunza kanisa, hakusema neno. Nimelala chumba cha nyuma ya madhabahu tangu nilipokuja kutoka Makueni. Kanisa likianguka nitalala wapi? Kwa Elkanah? Mungu apishe mbali.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata! Jengo la kale halibomolewi, serikali hulilinda. Tatizo ni kwamba letu lilijengwa na wakata miwa wa Ramisi, watu wa juzi juzi tu. Linahitaji kuzeeshwa kidogo. Wareno watatosha. Walipita pwani hii yote, nani atakataa kwamba walisali hapa Msambweni? Nimewapigia simu watu wa mambo ya kale. Bi. Fridah atakuja Jumatatu. Akili ni mali!

Jumatano, 5 Februari

Nimemwita fundi Chirau, Mdigo mtaratibu, haraka haijui. Nimemwagiza anijengee tao la kale, kama yale anayoyaona kwenye magofu. Akauliza upande gani. Nikamwonyesha ukuta wa kaskazini, ambako mgeni akiingia tu macho yanatua. Akauliza tena kama nina hakika ni kaskazini. Jamani! Ukuta ni ukuta. Akasema haya bwana, kazi ni yako. Akaanza kubandua chokaa ya zamani, iliyojaa mikwaruzo ya wahuni wa enzi hizo. Nikamsaidia kwa nyundo.

Ijumaa, 7 Februari

Tao limekwisha. Zuri ajabu! Limeingia ndani ya ukuta, kichwa cha duara, nakshi pembeni. Ila jeupe mno. Nimelipaka chai ya tangawizi iliyobaki kwa akina mama wa kanisa. Likazeeka papo hapo.

Jumamosi, 8 Februari

Sisimizi! Nilisahau kwamba akina mama hawanywi chai bila sukari. Wamelipanda tao lote. Nimefagia mpaka mkono umekufa ganzi. Elkanah akapita, akauliza tao limetoka wapi. Nikamjibu limekuwepo siku zote, ila yeye husali amefumba macho. Nimemkomesha!

Jumapili, 9 Februari

Baada ya ibada Sheikh Waziri wa msikiti wa jirani akabisha hodi, pamoja na Chirau. Nikamwamkia shikamoo. Akalitazama tao kwa muda mrefu, kisha akauliza, kwa adabu zote, kama kanisa zima tunasilimu au ni mimi peke yangu. Alisema hiyo ni mihrabu, anaposimama imamu, na kibla imeelekea Makka, kaskazini, sawasawa kuliko ya kwao. Nikamgeukia Chirau kwa hasira. Akasema magofu yote anayoyajua ni ya misikiti, na kuuliza aliuliza.

Jumatatu, 10 Februari

Bi. Fridah amekuja. Alinusa ukuta, akasema hajapata kusikia Mreno aliyejenga kwa tangawizi. Elkanah akacheka mpaka ufizi ukaonekana. Lakini Bi. Fridah hakucheka. Aliuliza michoro iko wapi. Michoro gani? Akatoa picha ya zamani ya ofisi yao kwenye simu: ukuta wa kaskazini, mikwaruzo ile ile. Wakata miwa walichora humo mapanga yao, gari la miwa na majina yao, chokaa ikiwa bado mbichi. Alisema kwa ukuta ule peke yake jengo lingelindwa, na kwamba angekuja hata nisingempigia simu. Akaokota vipande kwenye karai la Chirau, akavipangusa, akavifunga kimoja kimoja kwenye leso yake. Afadhali angenitukana. Sitaficha, moyo uliniuma.

Ijumaa, 14 Februari

Nimefukuzwa kazi, nimehamia Kikoneni, kwa binamu yangu Kaloki. Nimetafakari kwa kina na kwa unyenyekevu. Kosa lilikuwa sukari. Na Chirau.

Kaloki anasema kanisa la hapa nalo linatafuta mtunza. Nimelizunguka leo. Ni la mabati matupu, lakini kutu yake ni nzuri mno, haihitaji chai. Nimeshaanza kuwauliza waumini kama babu zao hawakuwahi kumwona Mreno akipita na mabati.