Ukuta Ulionichongea

Leo nimefedheheka, wenzangu. Na aliyenifedhehesha si mtu. Ni ukuta!

Naandika nikiwa garini, hapa hapa mlangoni kwangu Blaine, huku ughaibuni, injini inanguruma. Ndani sirudi mpaka nipate uso mwingine.

Kwanza mjue habari ya nyumba. Tuliinunua wakati wa joto, mimi na mke wangu Mwanaisha. Nyumba ya mbao, kama zote za huku. Wakati wa joto kila nyumba ni nzuri! Theluji ilipoanza kuanguka ndipo tulipojua tumenunua nini. Mtambo wa kupasha joto unawaka kutwa kucha, na sebuleni tunakaa na makoti. Kwetu Mombasa ukuta ni jiwe. Huku ni nguzo za mbao, bodi nyembamba nje na ndani, na katikati wanajaza kitu laini mfano wa sufi ya mto. Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, amekuja kufunga Ramadhani nasi. Siku aliyofika aliugonga ukuta kwa kidole, akasikiliza.

"Hini ni nyumba au sanduku?"

Nikamweleza habari ya sufi.

"Ala! Kwa hivyo mwanangu umemtia ndani ya godoro."

Mkwe hajibiwi. Lakini nilimtafuta mtaalamu wa kukagua nyumba zinazovuja joto, nikamwomba aje leo jioni.

Sasa leo. Daku ilinipita. Mwanaisha aliniamsha mara mbili (yeye anasema nne), nikajibu "naja" huku nimelala. Asubuhi nikatoka kuzoa theluji, nikaizoa mpaka mgongo ukalia. Kufika alasiri tumbo lilikuwa linaniita kwa jina.

Hapo ndipo akaja binti yangu Nasra. Ana miaka tisa, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kufunga siku nzima.

"Baba, I'm so thirsty. Just a little water?"

Nami (Mungu anisamehe) nikakunja uso nikatoa hotuba. "Vumilia, mwanangu. Mimi babako mbona navumilia? Saumu ni siri yako na Mola wako." Akaenda zake, midomo imemkauka. Kumbukeni midomo hiyo. Mimi siwezi kuisahau.

Haukupita muda, mama mkwe na Mwanaisha wakapanda juu kuswali. Jikoni nikabaki peke yangu na friji. Ndani ya friji mna mbaazi za nazi za jana, kazi ya mikono ya mama mkwe, na mahamri pembeni. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa msafiri. Nilikuwa mroho tu! Nikazitia kwenye microwave mpaka zikatokota, nikachukua hamri moja, nikaingia nalo na bakuli kwenye kabati la makoti lililo nyuma ya sebule. Nikajifungia.

Ndani ya kabati hilo, nyuma ya makoti, kuna tundu ukutani. Waliokaa kabla yetu walitoboa kupitisha bomba, wakaliacha wazi. Ukitia mkono unagusa nguzo mbili za mbao na kibao kilicholala katikati yake kama rafu, na sufi hakuna hata uzi. (Ndiyo, nililijua. Ndiyo, baridi inatokea humo. Sikusema kwa sababu ndimo ninamoficha halua, Nasra asiimalize.)

Nimekaa juu ya viatu, nimekula vijiko vitatu, hamri nimeling'ata mara moja, mara kengele ya mlango!

Mkaguzi. Amewahi! Nani anayewahi, jamani? Mkenya mwenzetu huyu! Nikalisukuma bakuli ndani ya tundu, hamri juu yake, nikarudisha makoti, nikapangusa mdomo, nikatoka nimeweka sura ya mtu aliyefunga.

Anaitwa Mutua, mtu wa Machakos, anakaa Brooklyn Park. Mwanaisha alishuka akamkaribisha chai.

"Zii, mama, hapana, mmefunga," akasema. "Siwezi kunywa mkinitazama. Nitangoja jioni tukule pamoja."

"Umeona adabu hiyo?" mama mkwe akaniambia mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Mdomo sikuufungua, una harufu ya nazi.

Mutua akatoa kamera yake. Kamera hiyo haipigi sura, inapiga joto: penye baridi panaonekana buluu, penye moto pekundu. Nasra akasahau kiu, akawa anamfuata nyuma nyuma. Tukazunguka nyumba nzima kama msafara wa harusi. Madirisha buluu. Pembe za dari buluu. Tukafika ukuta wa sebule, ule uliopakana na kabati. Buluu tupu kutoka juu hadi chini.

"Manze, hii ukuta iko na shida mbaya," Mutua akasema. "Fundi alikata ile mbao ya juu akipitisha bomba, na hakuziba. Hewa ya huko darini inashuka ndani tu. Na mbao yenyewe ndiyo inashikilia dari. Hii lazima itengenezwe..."

Akakikodolea macho kioo cha kamera.

Kwenye kioo, katikati ya ukuta wa buluu, usawa wa kiuno, limetokea duara jekundu.

Bakuli langu!

"Hii ni nini?" Mutua akaugusa ukuta kwa kiganja, akakirudisha haraka. "Waya inachomeka huku ndani! Brathe, hii ni nyumba ya mbao! Kila mtu nje! Saa hii!"

Mutua alikimbia kuzima umeme, giza likatanda, Mwanaisha akamkumbatia Nasra, mama mkwe akatoka na kanga kichwani na soksi miguuni, moja kwa moja kwenye theluji. Mwanamke wa Mombasa! Kwenye theluji! Kwa soksi!

Nasra akaanza kulia. "Our house is burning!" Mutua simu sikioni, anawaita wazima moto.

Wenzangu, hapo ndipo mtu mwenye akili angesema kweli. Mimi nikageuka nikakimbilia ndani. Nia yangu nilitoe bakuli, duara lipoe, yaishe.

Wao hawakujua nia yangu. Wao waliona baba anaingia kwenye moto.

"Baba Nasra! Rudi!" Mwanaisha akapiga ukelele.

"Baba, don't!"

"Ya Rabi mlinde!" Huyo mama mkwe. Ananiombea dua!

Nikapapasa makoti gizani, nikatia mkono, nikalipata bakuli. Papo hapo nikakamatwa ukosi. Mutua amenifuata kuniokoa! Akaniburuta kinyumenyume mpaka nje, nami bakuli sikuliachia, nimelikumbatia kifuani. Tukaanguka pamoja kwenye theluji.

Wote wakatuzunguka.

Kwenye baridi ile mbaazi zilikuwa zinafuka moshi. Kijiko kimo. Hamri liko juu, na meno yangu yamejichora.

Mama mkwe akainama. "Hizo si mbaazi zangu?"

Simuni sauti ilikuwa ikiuliza bado. Mutua akahema, akajibu: "No fire, ma'am. Sorry. It's... beans."

Mama mkwe akasema neno moja tu. "Kobe." Kwetu pwani ndilo jina la mtu anayekula mchana wa Ramadhani, na watoto humzomea kwalo. Mimi nina miaka arubaini na mbili.

Lakini hilo si lililoniua. Nasra alitazama bakuli, akatazama masharubu yangu, akasema polepole, "Baba, I didn't even drink water."

Nilitamani theluji inimeze. Nimeaibika sana, sifichi. Hata maji hakunywa, nami ndiye niliyemkataza.

Magharibi ikaingia. Mama mkwe akagawa tende: Nasra kwanza, Mwanaisha, kisha Mutua. Sahani ikafika kwangu ikaruka.

"Huyu keshafuturu," akasema.

Mutua akasema anaweza kurudi kesho kuliziba tundu. Mama mkwe akakataa kata kata. Libaki wazi mpaka Idd, atakuwa analichungulia mwenyewe kila siku. Na Nasra amesema daku ya kesho ataniamsha yeye.

Basi naombeni msinicheke. Na kama kuna mwenzangu mmoja humu aliyeshindwa na tumbo, nampa funzo nililolipata leo: usipashe moto, kula baridi.